Fito, Ukindu na Vibuyu: Namna ya Kukusanya Mimea ya Kutengenezea Vyombo vya Asili vya Kuhifadhia Chakula

Mwongozo huu unahusu kazi inayotangulia kusuka kihenge (ghala la fito) na kanda (mfuko wa kusukwa kwa majani) au kuandaa kibuyu, yaani kutafuta, kuchagua, kukata na kukausha mimea ambayo vyombo hivyo hutengenezwa kwayo. Fundi hodari anaweza kurekebisha kasoro nyingi zinazotokea mikononi mwake, lakini hana namna ya kurekebisha ufito uliokatwa wakati usiofaa, ukindu uliokomaa mno au kibuyu kilichochumwa kabla ya wakati wake. Wengi wanaotaka kurudia hifadhi za asili huanza kwa kujifunza kusuka, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu ya kazi inayoonekana, ilhali umri wa chombo huwa umekwisha kuamuliwa kwa sehemu kubwa kabla mtu hajaketi na kushika ufito wa kwanza.

Mifano iliyotumika ni ya pwani ya Tanzania na Kenya, ambako masika hunyesha kati ya Machi na Mei na vuli kati ya Oktoba na Desemba, pamoja na mikoa ya kati ya Tanzania, kama Dodoma na Singida, yenye msimu mmoja wa mvua unaoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Msomaji wa mahali pengine azingatie hali ya mmea na ya hewa kuliko jina la mwezi.

Amua kwanza chakula, kisha chombo

Usiingie porini na panga kabla hujajua unachotaka kuhifadhi. Kihenge ni ghala la mviringo linalosukwa kwa fito au mianzi, likainuliwa juu ya mawe au nguzo na kuezekwa kwa nyasi. Kisipokandikwa, upepo hupenya kati ya fito, hivyo hufaa mahindi yaliyo kwenye magunzi au masuke ya mtama ambayo bado yanaendelea kukauka. Kikikandikwa kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, huwa ghala la nafaka iliyokwisha kupukuchuliwa na kukauka kabisa. Kanda la ukindu au miyaa, yaani majani ya minazi ya porini yatakayoelezwa mbele, hufaa mchele, makopa (muhogo mkavu), dagaa wakavu na vyakula vingine vinavyohitaji kupumua na kuhamishwa mara kwa mara. Kibuyu ni chombo cha mbegu, maharage, kunde na choroko za kiasi kidogo. Pakacha la makuti mabichi, ingawa husukwa kwa dakika chache, ni la kubebea tu, nalo lisihesabiwe miongoni mwa vyombo vya kuhifadhia.

Baada ya hapo, piga hesabu. Kihenge chenye kipenyo cha mita 1.5 kina mzingo wa karibu mita 4.7. Ukisimamisha fito za wima kwa nafasi ya sentimita 15, utahitaji 31 hivi, na ni vyema idadi hiyo iwe witiri, kwa sababu msuko wa kawaida wa kupitisha ufito ndani na nje haupishani vizuri mduara unapojirudia ikiwa fito za wima ni shufwa. Fito za mlalo ndizo nyingi. Zikiwa na unene wa sentimita 2 na kihenge kikiwa na kimo cha mita 1.5, utasuka mizunguko 75, yaani zaidi ya mita 350 za fito, ambazo ni kama fito 175 zenye urefu unaotumika wa mita 2, na ukijumlisha sehemu zinazopandana utakaribia 200. Ghala la ukubwa huo likijaa mahindi yaliyopukuchuliwa hubeba takriban kilo 1,900, yaani magunia 19 ya kilo mia moja. Familia inayovuna magunia manane haina sababu ya kukata vichaka vya kujengea ghala la magunia 19.

Omba ruhusa, na anza na shamba lako

Fito 200 hazitoki katika kichaka kimoja, na hazitoki bila mwenyewe kujua. Nchini Tanzania misitu mingi iliyo karibu na makazi ni ya vijiji na husimamiwa na kamati za maliasili za vijiji, na ile ya serikali kuu iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Katika zote mbili, kauli ya mtendaji wa kijiji au ofisa wa misitu inatakiwa kabla ya kukata. Katika pwani ya Kenya, misitu ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambayo kadhaa kati yake iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, hulindwa na wazee kwa miiko yao wenyewe, na mkusanyaji anapaswa kuiepuka kabisa. Mikoko nayo isikatwe bila kibali, hata kama fito zake zinasifika kwa kustahimili mchwa.

Kabla ya kufika huko kote, tazama shambani mwako na mipakani mwa majirani. Mjohoro na mwarobaini hupandwa karibu kila kijiji na hutoa nguzo nzuri, vichaka vya mkole huota vyenyewe kandokando ya mashamba, na mianzi iliyopandwa bondeni hutosha vihenge vya ukoo mzima.

Fito na nguzo: kazi ya kiangazi

Fito hukatwa kiangazi, baada ya majani mengi kupukutika na kabla ya mvua za kwanza. Ufito uliokatwa wakati wa mvua umejaa maji. Utasukika kwa urahisi sana siku hiyo, lakini ukishakauka hupungua unene na kuacha mianya ambayo panya mchanga hupenya bila shida. Pia huvamiwa na ukungu kabla haujakauka, jambo ambalo halifai kwa kitu kitakachogusana na chakula.

Mkole ndio ninaoupendekeza kwanza kwa fito za mlalo. Hukua kama kichaka chenye mashina mengi membamba, hupindika bila kukatika, na huchipua tena baada ya kukatwa. Chagua ufito wenye unene kati ya kidole cha mwisho na kidole gumba, ulionyooka, usio na panda wala vidonda vya wadudu. Upinde taratibu hadi ukaribie nusu duara: ukilia na kupasuka upande wa nje, umekomaa mno au umekufa ungali umesimama, ukipindika kama kamba na kubaki hivyo, bado ni mchanga na hautakuwa na nguvu. Ufito mzuri hupinda kwa ukaidi kidogo na hujaribu kurudi.

Namna ya kukata ina uzito kama ilivyo namna ya kuchagua. Tumia panga lenye makali, kata kwa mshazari karibu na ardhi, na hakikisha kisiki hakipasuki, kwa kuwa kisiki kilichochanika hukusanya maji na kuoza badala ya kuchipua. Usichukue zaidi ya theluthi moja ya mashina ya kichaka kimoja kwa mara moja, na acha yale manene. Machipukizi yanayotoka kwenye kisiki kilichokatwa vizuri hukua kwa haraka, yamenyooka na hayana matawi mengi, kwa hiyo vichaka unavyovitunza leo vitakupa, baada ya miaka miwili au mitatu, fito bora kuliko ulizokuta. Ndiyo maana familia zilizozoea kazi hii hurudi kwenye vichaka vilevile kwa zamu, na mpita njia anayevifyeka vyote ili apate kuni huwa amewaharibia pakubwa kuliko anavyodhani.

Kwa nguzo na fito za wima, tafuta mti mgumu. Mlama hustahimili mchwa kuliko miti mingi ya maporini, na mjohoro uliokomaa hufaa endapo nguzo zitasimama juu ya mawe badala ya kuchimbiwa. Epuka miti inayochipua kirahisi ikichomekwa ardhini, kwa sababu nguzo inayotoa mizizi na matawi hubadilisha umbo la ghala na kuwapa panya ngazi. Epuka kabisa mnyaa: utomvu wake mweupe huunguza ngozi na unaweza kudhuru macho vibaya, na hakuna sababu ya kuukaribisha karibu na chakula.

Mianzi ina kanuni yake. Mwanzi unaofaa una umri wa miaka mitatu au zaidi. Utautambua kwa kuwa hauna tena maganda yanayofunika pingili, rangi yake imepoteza ule mng'ao wa kijani kibichi, na ukiugonga kwa mpini wa kisu hutoa sauti kavu. Mwanzi mchanga una wanga mwingi, na wanga huo ndio unaowaita wadudu wanaotoboa na kuacha vumbi jeupe. Hata mwanzi uliokomaa ni vyema uloweshwe majini kwa wiki kadhaa kabla ya kupasuliwa, kwenye kijito kinachotiririka ikiwezekana, ili sehemu ya wanga huo iondoke. Harufu ya mwanzi uliolowekwa katika maji yaliyotuama si ya kupendeza, na majirani watalalamika, lakini hutoweka baada ya siku chache za upepo.

Magome na kamba

Kazi hii hufuata msimu ulio kinyume na ule wa fito. Gome hubanduka kwa urahisi wakati wa mvua, mti unapokua na utomvu unapopanda. Kiangazi hung'ang'ania shina na mtu huishia kuchana vipande visivyofaa chochote. Kwa hiyo mwenye kupanga vyema hukusanya kamba zake wakati wa mvua, huzikausha na kuzitundika, kisha husubiri kiangazi ili akate fito.

Sehemu inayobeba nyuzi ni ngozi ya ndani ya gome. Kata mstari mwembamba wa wima, upana usiozidi kiganja, ubandue kuelekea juu, kisha tenganisha ngozi ya nje iliyo kavu na ile ya ndani iliyo nyororo. Kamwe usizungushe kisu kulizunguka shina. Mti hupitisha chakula chake kutoka majanini kwenda mizizini kupitia sehemu hiyo hiyo ya ndani ya gome, na ukikata duara kamili umeufunga njaa. Utasimama mwaka mmoja au miwili ukiwa na majani, kisha utakufa. Mbuyu ni wa pekee, kwa kuwa huweza kuotesha upya gome hata baada ya kubanduliwa sana, na ndiyo sababu utaona mibuyu mingi ya Dodoma na ya Ukambani yenye makovu makubwa upande wa chini ambayo haijazuia mti kuendelea kuishi. Hata hivyo, usibandue mbuyu mchanga, usirudie kovu ambalo halijajaa, na uliza kwanza kama mbuyu huo una heshima maalumu kwa wenyeji, kwa maana mingi inayo.

Hapa lazima niseme neno kuhusu kilindo, kile chombo cha mviringo cha gome la mti wa miombo ambacho kwa vizazi vingi kimehifadhi unga, nafaka na hata nguo katika nyumba za bara. Ni chombo kizuri, chepesi na cha kudumu, lakini kukitengeneza hudai gome zima la mzunguko wa shina, na kwa hiyo uhai wa mti. Sioni sababu ya kuua mti ili kupata chombo kimoja. Ikiwa kuna mti unaoangushwa kwa sababu nyingine, labda kufungua shamba au njia, mwombe mwenye shamba akupe siku moja, ubandue gome kabla mti haujaangushwa, na utakuwa umepata kilindo pasipo hasara ya ziada.

Asiyetaka kugusa magome ana njia mbili nyepesi zaidi. Majani ya chini ya mkonge yaliyokomaa hupondwa na kukwanguliwa hadi nyuzi zibaki, kisha huoshwa na kuanikwa. Utomvu wake huwasha ngozi, hivyo fanya kazi hiyo karibu na maji. Kwenye pwani, makumbi ya nazi hufukiwa kwenye tope la ufukweni linalofunikwa na maji kupwa na kujaa, kama wafanyavyo wanawake wengi wa Zanzibar, hukaa humo kwa miezi kadhaa hadi yalainike, kisha hupondwa na kusokotwa kuwa kamba ya usumba. Ni kamba isiyoogopa unyevu, nami naiona kuwa bora kuliko zote kwa kufungia paa la ghala karibu na bahari.

Ukindu na miyaa

Ukindu ni majani ya mkindu, ambao hupenda kingo za mito na mabonde yenye maji. Miyaa hutoka kwa mkoma, ambao huvumilia ardhi kavu na ya mchanga. Ukindu ni laini zaidi na hufaa kanda la kuhifadhia mchele, kwa kuwa msuko wake hushikana sana. Miyaa ni migumu na mipana, nayo hufaa majamvi ya kuanikia na makanda makubwa ya makopa.

Yanayotakiwa ni majani machanga ambayo bado hayajakunjuka, yale yanayosimama katikati ya kilele kama mkuki. Yakishafunguka na kuwa ya kijani iliyokolea huwa yamekakamaa na hukatika yanaposukwa. Vaa nguo ya mikono mirefu, kwa kuwa sehemu ya chini ya kila kuti la mkindu ina miiba mirefu inayochoma kwa kina. Shika jani changa katikati, likate juu ya mahali linapotokea, na usilivute. Kulivuta huweza kung'oa kitovu cha ukuaji, na shina lililopoteza kitovu hicho halioti tena jani lolote. Chukua jani moja kwa kila shina, acha mashina kadhaa ya kila kichaka bila kuguswa, na usirudi kwenye shina ulilokata hadi majani mapya yawe yamefunguka juu yake. Mkindu hustahimili zaidi kwa sababu huota mashina mengi kwa pamoja, ila nimeona vichaka vilivyonyolewa kila wiki kwa ajili ya soko vikibaki na vijiti vikavu.

Peleka majani nyumbani siku hiyo hiyo. Yatenganishe, yaanike juani yakiwa yametandazwa, yageuze kila siku, na uyaingize ndani kabla ya umande wa jioni, kwa maana jani lililolowa umande likiwa nusu kavu hupata madoadoa meusi ambayo hayatoki. Likishakauka huwa jeupe lenye umanjano hafifu, na hapo huchanwa kuwa nyuzi za upana mmoja. Kabla ya kusuka ukili, yaani ule mkanda mrefu unaoshonwa kuwa kanda, lowanisha kiasi unachotaka kutumia siku hiyo tu. Kwa kanda la chakula, uache ukindu na rangi yake ya asili. Rangi za dukani zinazofanya mikeka ipendeze hazikutengenezwa kwa ajili ya kulala na mchele kwa miezi sita, na kanda lisilotiwa rangi lina faida nyingine: doa la ukungu huonekana mara linapoanza.

Vibuyu

Acha tunda juu ya mtambaazi hadi kikonyo chake kinyauke na kukauka chenyewe. Ganda lililochumwa mapema hujikunja na kuoza, hata kama kwa nje lilionekana kubwa vya kutosha. Kata kikonyo ukiacha kipande cha kushikia, kisha weka vibuyu juu ya uchaga mahali penye hewa na kivuli, bila kugusana, uvigeuze mara kwa mara. Ukungu wa juujuu katika wiki za kwanza ni wa kawaida na hufutwa kwa kitambaa kikavu. Kinacholainika au kutoa maji kitupwe. Kukauka huchukua wiki nyingi, na kwa vibuyu vinene huweza kupita miezi mitatu. Kiko tayari pale kinapokuwa chepesi na mbegu zinacheza ndani ukikitikisa.

Toboa mdomo, toa mbegu na nyama iliyokauka kwa kijiti, tia maji pamoja na changarawe safi, utikise na kumwaga, urudie. Onja maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi kisha uyateme: yakiwa machungu, endelea kulowesha na kubadilisha maji kwa siku kadhaa, kwa sababu uchungu huo ni sumu ya asili ya mmea na huingia katika chakula. Kibuyu kilichokauka tena hufukizwa moshi, na mdomo wake huzibwa kwa gunzi la hindi lililochongwa, kisha nta ya nyuki hupakwa kuzunguka kizibo. Usifungue kibuyu cha mbegu kila siku kuangalia hali yake. Kila unapofungua unaingiza hewa mpya na unyevu mpya.

Nyasi za kuezekea

Kata nyasi ndefu zikiwa zimekomaa na kukauka zikiwa bado zimesimama, baada ya mbegu kudondoka, lakini kabla ya moto wa nyika kupita. Kung'uta kila fungu ili mbegu zilizosalia zitoke, maana paa lenye mbegu huwaita ndege na panya, na likinyeshewa huota. Kwenye pwani makuti hufanya kazi hiyo hiyo.

Majani na majivu ya kuchanganya na nafaka

Chombo peke yake hakifukuzi fukusi, mdudu anayetoboa punje za nafaka, ndiyo maana hifadhi ya asili daima ilikuwa na kitu cha kuchanganya. Majani ya mwarobaini huchumwa yakiwa yamekomaa, huanikwa kivulini kwa kuwa jua kali hupunguza nguvu yake, kisha hupondwapondwa na kutandazwa kwa matabaka kati ya nafaka. Kivumbasi, pamoja na harufu yake kali, hutumika vivyo hivyo. Majivu yawe ya kuni safi, yasiwe ya takataka wala mbao zilizopakwa rangi. Yapoe kabisa, yachekechwe kwa chekecheo laini, na yatiwe kwa wingi hadi yajaze nafasi zilizo kati ya punje. Kazi yake ni ya kimwili zaidi: huzuia mdudu kutembea na kupandana, na hukwangua utando unaozuia mwili wake kukauka. Majivu machache ya kunyunyizia juu hayana faida yoyote.

Kuhusu utupa, mmea unaotumika kulevya samaki, msimamo wangu ni mkali. Ni kweli kwamba majani yake makavu huzuia wadudu wa maharage, lakini ni sumu, na mchanganyiko wake uwekwe kwenye mbegu za kupanda tu, katika chombo kilichowekewa alama, mbali na jiko.

Mimea yote hii hupunguza mashambulizi bila kuyamaliza. Kwa fukusi na kwa muda wa miezi michache inaweza kutosha. Kwa dumuzi, mdudu hatari zaidi anayeelezwa hapa chini, haitoshi.

Kukagua na kukausha kabla ya kusuka

Dumuzi ndiye sababu kubwa ya kuandika sehemu hii. Mdudu huyu, ambaye wakulima wengi wa Tanzania walimbandika jina la Scania, ni mgeni kutoka Amerika ya Kati, na alianza kujulikana mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Anapenda mahindi na muhogo mkavu, lakini asili yake ni jamii ya wadudu wanaotoboa miti, kwa hiyo anaweza kujificha ndani ya fito kavu, mianzi na hata vikapu, akasubiri mavuno yanayofuata. Wazee hawakulazimika kufikiria jambo hili. Sisi tunalazimika, na ndiyo maana kuiga ghala la babu bila kubadilisha chochote ni kumwandalia dumuzi makazi.

Fito zote na nguzo zibanduliwe magome, kwa kuwa chini ya gome ndiko unyevu na wadudu hukaa. Zipange juu ya uchaga, zisiguse ardhi, chini ya kivuli chenye upepo. Fito za kusukia huachwa zinyauke kwa siku chache tu, wakati bado zinakubali kupinda. Nguzo huachwa kwa wiki kadhaa. Kagua kila moja: tundu dogo la mviringo lenye vumbi kama unga linatosha kuupeleka ufito huo jikoni ukawe kuni. Fito za kihenge cha zamani kilichowahi kushambuliwa zisirudishwe katika kipya, hata zikionekana nzima.

Moshi ni rafiki wa kazi hii. Nyumba nyingi za pwani bado zina dari au uchaga juu ya mafiga, ambako mahindi ya mbegu hutundikwa. Hapo ndipo pa kuweka kamba, vibuyu na mafungu ya ukindu yanayosubiri kusukwa. Uwekaji wa kudumu wa vitu vinavyoweza kuwaka juu ya moto unataka uangalifu, hasa ukindu, ambao hushika moto kwa cheche moja.

Kihenge kikishasukwa na kukandikwa, kiache kikauke kabisa kabla ya kujazwa. Udongo wa kichuguu uliochanganywa na samadi hukauka upande wa nje siku za mwanzo na kudanganya. Weka kiganja upande wa ndani, na ukihisi ubaridi, bado una maji. Wiki mbili za jua ni kiwango cha chini, na katika hewa ya pwani zinahitajika zaidi.

Nafaka nayo ipimwe. Mahindi yahifadhiwe yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13. Asiye na kipimo achukue chupa ya kioo iliyo kavu, atie chumvi kavu vijiko viwili au vitatu, ajaze mahindi hadi theluthi ya chupa, afunge, atikise vizuri kwa dakika moja na kuiacha kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 hivi na mahindi yarudi juani. Ikianguka chini yote, yaanike siku moja zaidi kwa usalama kisha yaingizwe. Huu si mchezo. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu ambayo kupika hakuiondoi.

Baada ya kujaza, ingiza mkono au kijiti kirefu ndani ya nafaka mara moja kila wiki mbili ili kupima joto na kuangalia vumbi. Joto lisilo la kawaida maana yake ni unyevu au wadudu, na hapo nafaka yote hutolewa na kuanikwa. Ghala likiisha kabla ya mavuno mapya, lifagiliwe, mabaki yachomwe, mianya ikandikwe upya, na fito zilizovunjika ziorodheshwe ili kiangazi kinapofika ujue ni ngapi za kukata.